Fundisho: Moyo wa mama mwenye mimba na mtoto aliye tumboni

(Masomo ya kutayarisha nyumbani: Luka 1:39-56, Waamuzi 13, 1 Samweli 4:12-22)



Safari hii tunataka kusema juu ya jambo ambalo tumezoea kuwaachia wamama peke yao, na wamama wenyewe wanalisemea jikoni kwa sauti ndogo. Ni jambo la moyo wa mwanamke mwenye mimba. Tunajua kumwuliza kama anakula, kama ameenda kupima mimba, kama amekwisha kununua nguo za mtoto. Hatumwulizi kama analala usiku. Hatumwulizi anaogopa nini. Na huku yule aliye ndani yake anapokea habari zote.

Tunaposema kwamba anapokea habari, hatusemi kwa mfano tu. Tusome Luka sura ya kwanza. Malaika alimwambia Maria kwamba Elisabeti, jamaa yake, yuko katika mwezi wa sita. Maria akaondoka kwa haraka, akapanda mpaka nchi ya milima, akaingia nyumbani mwa Zakaria na kusalimu. Elisabeti mwenyewe anatueleza lililotokea: sauti ya salamu iliingia masikioni mwake, na mtoto akaruka tumboni kwa furaha. Angalieni vizuri njia ambayo furaha ilipita. Iliingia kwa sikio la mama, ikashuka mpaka kwa mtoto.

Wenye kuchunguza mambo ya uzazi wanatuambia kwamba ni karibu na mwezi huo huo wa sita masikio ya mtoto yanaanza kusikia. Anasikia moyo wa mama ukipiga. Anasikia sauti ya mama kuliko sauti zote nyingine, maana hiyo inamfikia kwa ndani, kwa njia ya mwili wenyewe. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, walionyesha kwamba mtoto asiyemaliza hata siku 3 duniani anatambua sauti ya mama yake, na ananyonya kwa namna ya kuitafuta akiwekewa sauti ya mwanamke mwingine. Alijifunza wapi sauti hiyo? Hakuwa na darasa lingine isipokuwa tumbo.

Lakini kama furaha ina njia, huzuni pia ina njia. Mama anapoogopa au anapokasirika, mwili wake unatia homoni katika damu. Moja inaitwa adrenalini, nyingine kortizoli. Hizo si mbaya. Mungu ameziweka ndani yetu ili tukimbie nyoka na tuamke asubuhi. Tena kati ya damu ya mama na damu ya mtoto kuna kondo la nyuma, na kondo hilo lina kazi kama ya mlinzi wa mlango: linavunja sehemu kubwa ya kortizoli ya mama kabla haijamfikia mtoto. Kwa hiyo mama aliyeshtuka kwa ngurumo, au aliyegombana sokoni na kurudi nyumbani akicheka, asikae na wasiwasi. Hasira ya siku moja haiharibu mtoto. Ni pale hofu inapokaa wiki kwa wiki na mwezi kwa mwezi ndipo mlinzi anaanza kuchoka. Kortizoli inapita kuliko inavyofaa, na mtoto anaanza kutengeneza mwili wake na akili yake kama mtu anayejitayarisha kwenda mahali pa kukimbia tu.

Wataalamu wameona kwamba wamama wenye huzuni nzito au hofu ya muda mrefu wanazaa kabla ya wakati, yaani kabla ya wiki 37, mara nyingi kuliko wamama wengine, na kwamba watoto wao mara nyingi zaidi hawafikishi kilo 2 na nusu. Baadhi ya watoto hao wanalia sana, wanashtuka upesi, na baadaye shuleni kutulia kunawashinda. Hatusemi wote. Wengi wanazaliwa wazima na wanakua vizuri.

Njia ya pili haihitaji hata daktari kuieleza. Mama mwenye moyo mzito anaangalia bukari na sombe mbele yake, anasukuma sahani. Halali. Siku ya kupima mimba inafika, anasema ataenda juma lijalo. Wengine wanatafuta usingizi katika pombe, ingawa Kanisa letu linaikataza, na pombe ile inamfikia mtoto bila mlinzi yeyote wa kuizuia. Malaika aliyemtokea mke wa Manoa alimwonya asinywe divai wala kileo, asile kitu kilicho najisi, kwa sababu ya mtoto atakayezaliwa. Basi jambo la kwamba mwili wa mama ni nyumba ya mtoto halikuletwa na wazungu.

Wala uchunguzi juu ya huzuni haukufanywa mbali tu. Ulifanywa hapa kwetu, katika mji wa Goma, kwenye hospitali ya HEAL Africa, na watu wa Chuo Kikuu cha Florida. Waliongea na wamama 25 juu ya yale waliyopitia, vita na shida za kila siku, wakawapima watoto wao wachanga, na mwaka 2012 wakatangaza walichoona. Wamama waliobeba mateso makubwa zaidi ndio waliozaa watoto wenye uzito mdogo zaidi. Tena katika damu ya watoto waliona tofauti juu ya jeni moja, ile inayoongoza namna mwili unavyopokea kortizoli. Jeni yenyewe haikuvunjika. Ni alama ndogo zilizowekwa juu yake, kama mtu anayetia alama kitabuni ili ukurasa fulani usifunguliwe upesi. Wamama 25 ni wachache, hilo ni kweli. Lakini sisi tulio katika nchi ambayo tangu mwaka 1996 wamama wa Kivu na Ituri wanakimbia na mimba tumboni na godoro kichwani, hatuwezi kusoma habari hiyo na kufunga gazeti.

Hapa tusimame kidogo, maana tunajua namna fundisho kama hili linavyoweza kugeuzwa fimbo. Kesho papa mmoja atasema nyumbani: «Mumesikia? Mtoto ni mdogo kwa sababu mama yake alikuwa na roho mbaya, alinuna miezi 9.» Shangazi ataongeza lake. Wapenzi, yule anayesema hivyo hakutusikia. Mama hakuchagua hofu. Hofu aliwekewa na mtu, au na vita, au na njaa, au na deni. Na mara nyingi aliyemwekea ndiye anayemhukumu. Tena mtoto anaweza kuzaliwa mdogo kwa sababu ya malaria, kwa sababu mama hana damu ya kutosha, kwa sababu alibeba makala mpaka mwezi wa nane, kwa sababu walikuwa mapacha, au kwa sababu ambayo daktari mwenyewe hakuiona. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zenye uchumi kama wetu karibu wamama 16 kati ya 100 wenye mimba wana ugonjwa wa moyo na akili, na zaidi ni huzuni nzito. Ni ugonjwa kama homa. Hatujapata kusikia mtu akikemewa kanisani kwa sababu ana homa.

Kuna jambo jingine, na tunalisema kwa heshima lakini bila kulificha. Kanisa letu limezaliwa katika unabii. Tangu Nkamba, mwezi wa 4 mwaka 1921, Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi yake, Mungu amewasemesha watu wetu kwa njia ambazo vitabu vya shule havina. Kwa hiyo hatuwezi sisi kudharau ndoto wala maono. Lakini leo kuna vyumba vya maombi katika kila kartieri, na wamama wetu wanavipitia kimya kimya baada ya ibada. Hata kati yetu sisi wenyewe wako wanaomshika mama mwenye mimba mkono mlangoni mwa hekalu na kumwambia: «Mama, nimeota juu yako, nimeona sanduku dogo.» Kisha wanaenda zao kula. Mama yule anabaki na sanduku lile miezi mitatu.

Tunamjua mama mmoja aliyeambiwa katika chumba cha namna hiyo kwamba mimba yake imefungwa na mtu wa nyumbani, mzee, anayepika vizuri. Nani mwingine kama si mama mkwe wake? Akaacha kula chochote kilichopita mikononi mwa yule mzee. Akaambiwa afunge siku 3 bila chakula wala maji, akafunga, na mimba ya miezi saba. Akaacha kituo cha afya, kwa kuwa aliambiwa daktari hawezi kuona mambo ya roho. Katika mwezi wa nane maji yakavunjika usiku. Mtoto alizaliwa na gramu 1,900. Mama alikuwa dhaifu sana, na mtoto huyo alitakiwa kubebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku, ili asipoteze joto. Ni mama mkwe aliyefungua kitenge chake na kumbeba. Alimbeba saa nyingi kuliko wote, siku nyingi, mpaka mtoto akaanza kunyonya kwa nguvu. Leo mtoto huyo anakimbia kiwanjani. Wanawake wale wawili wanasemeshana, lakini kwa taabu, na hatuna haki ya kushangaa.

Basi tunawaomba wote wenye karama ya kuona. Ukiota jambo juu ya mama mwenye mimba, usimpelekee yeye. Mpelekee mchungaji. Mchungaji ataomba, ataangalia, na ikifaa atamwambia mama au bwana yake neno la kumsaidia: nenda upimwe, pumzika, usisafiri kwa pikipiki kwa sasa. Neno la Mungu kwa mke wa Manoa lilikuwa hivyo. Lilimwambia ale nini na asinywe nini. Halikumtajia mchawi. Na Manoa alipoingiwa na hofu, akasema watakufa kwa kuwa wamemwona Mungu, ni mke aliyemtuliza kwa maneno ya akili. Elisabeti naye alijazwa Roho Mtakatifu, na neno lililotoka kinywani mwake kwa msichana mwenye mimba changa lilikuwa baraka. Fikirini hali ya Maria siku ile: hana nyumba yake, Yusufu hajajua la kufanya, watu wa Nazareti wanajua kuhesabu miezi. Alikaa kwa Elisabeti karibu miezi mitatu. Mungu alimpa malaika, ni kweli, lakini alimpa pia nyumba ya kukaa na mwanamke mzee wa kuongea naye.

Juu ya kufunga, tuseme wazi: mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wasifunge chakula wala maji. Bwana anajua mtoto hakuweka nadhiri yoyote.

Sasa wapapa. Zakaria alikuwa bubu miezi yote ya mimba ya Elisabeti. Ilikuwa adhabu, lakini tunafikiri ziko nyumba ambazo bubu wa miezi 9 angekuwa zawadi. Papa anayerudi jioni na kelele, anayetupa kitambulisho cha kazi mezani na kuuliza kwa nini chakula ni baridi, ajue kwamba wako wawili wanaomsikia. Kumpiga mwanamke ni dhambi siku zote. Kumpiga mwenye mimba ni kupiga watu wawili, mmoja wao hana hata mikono ya kujikinga. Tena yule anayeanza kulala nje kwa sababu tumbo la mke limekuwa kubwa, asifikiri kwamba siri yake inabaki nje. Inaingia nyumbani, inalala kitandani badala yake, na kondo la nyuma linaijua. Kanisa letu linaamuru mume mmoja na mke mmoja. Amri hiyo haina likizo wakati wa mimba.

Lakini tusiwaonee wapapa wote. Wako wengi wanaonyamaza kwa sababu hawana franka mfukoni na wanaona haya. Papa wa namna hiyo, mwambie mkeo ukweli. Mwanamke anayejua kwamba pesa za maternite hazijapatikana, na kwamba mnazitafuta pamoja, analala kuliko yule anayehisi kuna jambo linalofichwa. Enda naye siku moja kupima mimba. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linataka mama aonane na waganga wa kituo cha afya mara 8 katika mimba moja, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kwisha. Mara 8 ni nyingi. Hautakosa hata moja ya kumsindikiza. Na pale muulizeni mwuguzi pamoja: maumivu makali ya kichwa, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, damu kutoka, homa, mtoto kuacha kucheza. Mojawapo ya hayo ikitokea, ni hospitali saa ile ile. Mtu asiseme ni mawazo tu, wala asisubiri ibada ya asubuhi. Tutaomba njiani.

Kanisa letu limesimama juu ya maneno matatu: Upendo, Amri na Kazi. Upendo kwa mama mwenye mimba una kazi yake, na inaonekana kwa ndoo ya maji. Wazee wetu walilijua jambo hili. Wakati Papa Simon Kimbangu alipokuwa gerezani Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, miaka 30 mpaka kufa kwake tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka 1951, familia nyingi zilihamishwa mbali na nchi yao kwa sababu ya imani. Watoto walizaliwa uhamishoni, kati ya watu ambao mama zao hawakujua lugha yao. Na kule Nkamba Mama Marie Muilu, mwenyewe akiwa ameachwa na watoto wadogo na akiangaliwa na serikali ya wakoloni, ndiye aliyewashika waamini kwa siri. Mwanamke aliyenyang'anywa mume aligeuka nguzo ya kuegemewa na wengine. Ukoo wetu wa kiroho unatoka hapo, kwa mwanamke mwenye huzuni ambaye hakuachwa peke yake.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kila parokia jambo dogo. Wamama wa kikundi wajue ni nani ana mimba, wagawane nyumba, na kila mama mwenye mimba awe na dada mmoja wa kumtembelea mara moja kwa juma. Asiende na Biblia tu. Aende na muda. Achote maji, aoshe vyombo, akae. Asimsimulie habari za waliokufa wakizaa. Akiuliza, aulize hivi: «Dada, unalala? Unaogopa nini?» Halafu anyamaze asikilize. Imbeni pamoja, maana mtoto anasikia wimbo na tumbo la mama linalegea. Na mama akiwa analia kila siku kwa wiki mbili, au anasema kwamba heri afe, dada yake asimwache peke yake. Amfikishe siku hiyo hiyo kwa daktari, na mchungaji ajulishwe. Wale waliobakwa vitani na kubeba mimba yake wanahitaji zaidi ya hapo, na siri yao ilindwe kama siri ya ungamo.

Kitabu cha Samweli kinatuonyesha mwanamke ambaye msaada ulimfikia kwa kuchelewa. Alikuwa mke wa Finehasi, na siku zake za kuzaa zilikuwa karibu. Habari zikafika zote mara moja: sanduku la agano limetekwa, baba mkwe amekufa, mume amekufa. Biblia inasema aliinama na kuzaa, kwa kuwa uchungu ulimshika pale pale. Wanawake waliosimama karibu walimwambia asiogope, amezaa mtoto wa kiume. Lilikuwa neno zuri. Lakini hakujibu, wala hakulitia moyoni, maana alikuwa anakufa. Alimwita mtoto Ikabodi, jina linalosema kwamba utukufu umeondoka, na hakupata siku nyingine ya kufikiri jina lingine.

Kwetu pia tunawaita watoto Masumbuko, Mateso, Shida, Machozi, na wako wenye majina hayo wanaoyabeba kwa heshima, maana yanakumbusha kile mama alichovuka. Hatuyakatazi. Tunaomba tu kwamba papa asikimbie kwenye ofisi ya komini na jina la huzuni ya siku ile kabla hajamwuliza mama wa mtoto. Sheria ya Kongo inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto. Katika siku hizo mama atakuwa amepata nguvu, dada wa kikundi atakuwa amepita mara kumi na mbili, na wao wawili watakaa na kuchagua.